Mlio wa Upande wa Kushoto

Sheli ya karibu na stendi ya Musoma ilikuwa imejaa bodaboda asubuhi ile, na kila dereva aligeuka kulitazama gari dogo jeupe lililoingia bila mngurumo. Akashuka msichana wa gauni la kitenge cha njano, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Dada, hiyo gari si ya umeme? Sheli umefuata nini, chai?"

Aliyeuliza alikuwa Luqmani, fundi wa magari wa Kamunyonge, aliyekuja kununua oili. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko spana.

"Nimefuata upepo. Inagonga, nadhani tairi hazijajaa."

"Upepo haugongi. Hiyo ni miguu ya gari."

"Basi, mganga wa miguu, nipe dawa."

"Bila kupima? Lete gereji kesho. Na jina lako ulilete."

"Dorotea. Hilo nakupa leo, la bure."

Kesho yake gereji Luqmani alijilaza kwenye buti, sikio sakafuni, huku Dorotea akiambiwa aendeshe taratibu juu ya mashimo. Gari la umeme halina injini ya kuficha siri, kila kitu kilicholegea husikika. Luqmani akabadilisha linki mbili za mbele, vile vyuma vyembamba vya miguu, mlio ukapungua. Wa moyo ndio ulioanza.

Dorotea alikuwa na duka la sola mjini. Kila mchana simu yake ililia, Luqmani akipiga.

"Umekula, mama?"

"Nimekula dagaa."

"Bila mimi?"

"Na hiyo mikono ya grisi ungekulaje?"

"Ungenilisha."

"Haya, mtoto mchanga, njoo."

Baada ya miezi miwili mlio ukarudi. Luqmani alijaribu gari, kimya. Akaweka gunia la mchanga kiti cha kushoto, akapita shimo lile lile. Ko, ko, ko. Betri ni nzito, raba za mguu wa kushoto zilikuwa zimechoka, na zililia tu mtu akikaa upande ule. Akatazama kiti. Kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kama cha mtu mwenye miguu mirefu.

"Dorotea, nani anakaaga hapa?"

"Hakuna. Mimi niko peke yangu siku zote."

Alidanganya, maskini, na alidanganya kwa sababu ya mapenzi. Aliyekaa pale kila Jumamosi alikuwa baba yake, Mzee Rafaeli wa Butiama, ambaye Dorotea alikuwa akimleta Musoma kliniki ya mgongo. Mzee alikuwa ameapa bintiye haolewi na Mwislamu, na Dorotea alikuwa akimlainisha njiani, kilomita baada ya kilomita. Hakutaka Luqmani ajue kwamba alikuwa amekataliwa.

Luqmani akaona wivu, na wivu si fundi. Bolti za raba mpya hukazwa gari likiwa chini, limebeba uzito wake. Ukizikaza miguu ikining'inia, gari likishushwa raba hujisokota, na wiki chache baadaye huchanika. Alilijua hilo tangu anajifunza kazi. Siku ile akazikaza gari likiwa juu ya jeki, akarusha funguo mezani, akaacha kupokea simu.

Wiki tatu baadaye gari jeupe likasimama mbele ya gereji. Kiti cha kushoto alikaa mzee mrefu, ameshika mgongo.

"Luqmani," Dorotea alisema, macho yamejaa, "huyu ndiye anakaaga kushoto. Nilikuficha kwa sababu alikuwa hakutaki. Sasa amekutaka."

"Kijana," Mzee Rafaeli akasema, "leo naenda Kibara kwa ndugu zangu. Kwetu neno la kumtoa binti halisemwi kwa simu. Nitakaa mbele yao, nilitamke."

Luqmani alipiga magoti kuamkia. Pale chini macho yake yalikuwa sawa na tairi. Alizikumbuka bolti za raba. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: mzee, subiri saa moja. Lakini atamwambiaje baba mkwe, siku ya kwanza, kwamba aliharibu kazi kwa hasira? Akasimama. Nitalitengeneza gari Jumatatu, alijiambia.

"Safari njema, mzee."

Walipoipita Bunda raba ikachanika. Gari likagonga na kuvuta kushoto, kila shimo likamchoma mzee mgongoni mpaka akalia. Dorotea akageuza gari.

"Tutaenda Jumamosi ijayo, mwanangu," mzee alisema.

Alhamisi presha ikampanda, akafariki.

Walimzika Kibara. Baba mkubwa Stanislausi alisikiliza maneno ya Dorotea mpaka mwisho.

"Alikubali? Mbele ya nani? Sisi hatukusikia. Huendi kwa Mwislamu."

Wiki mbili baadaye Dorotea aliingia gereji, kitambaa cheusi kichwani, begi mkononi. Luqmani alimkumbatia, wakalia wote bila aibu.

"Sikiliza," Dorotea alisema, "twende bomani tukafunge ndoa. Baba alikubali, mimi nilimsikia. Hao wengine watazoea."

Hilo ndilo pekee Luqmani alilolitaka duniani. Angenyamaza tu, angelipata.

"Dory, zile bolti nilizikaza vibaya. Nilikuwa na wivu. Na siku ile baba yako amekaa pale, nilijua. Nikaona haya kusema."

Dorotea alirudi nyuma hatua moja.

"Ulijua, ukasema safari njema?"

"Ndiyo."

"Ningengoja hata siku nzima, Luqmani. Baba angengoja. Angekucheka tu, alikuwaga mcheshi." Akajifuta macho. "Nitaamkaje kila siku ubavuni mwako, nikikumbuka alivyolia njia nzima?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimeshakusamehe. Ila kuishi na wewe siwezi."

Akaokota begi lake. Mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Usinipigie simu, tafadhali. Ukipiga nitapokea."