Ramani Nyekundu ya Ngaremara

Nakolong alikuwa akikamua mbuzi nyumbani kwake Ngaremara. Mwanamume mmoja akafika kwa pikipiki. Alikuwa dalali wa ardhi kutoka Isiolo mjini. Alifungua ramani kubwa. Sehemu yote ya kina Nakolong ilipakwa rangi nyekundu.

"Mama, kile kilima cheusi ni volkano," alisema. "Kitalipuka. Wasomi wamesema. Wekeni alama ya kidole kwenye karatasi hii ya mauzo, niinunue ardhi yenu mhame mapema."

Achuka, mume wa Nakolong, aliogopa. Majirani wawili walikuwa tayari wameweka kidole.

Lakini Nakolong alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Chini ya ramani alisoma polepole jina la aliyeichora: Kendi Mugendi. Alimjua. Ni yule msichana Mmeru aliyekuja mwaka jana kuokota mawe kilimani.

"Ngoja kwanza," alimwambia dalali. Akampigia Kendi simu.

Kesho yake Kendi alifika. Nakolong hakumsalimu.

"Ulikunywa maziwa yangu. Ukabeba mawe yetu. Halafu habari ya kifo chetu tunaletewa na dalali?"

Kendi alipoelezwa maneno ya dalali, alikasirika.

"Amedanganya, mama! Mimi nasomea udaktari wa chuo kikuu kuhusu volkano, si wa hospitali. Natumia kompyuta kupima jambo moja: kilima kikilipuka, mawe na majivu yataanguka wapi? Nyekundu ni hapo. Sikusema kitalipuka. Wewe unajua laga, ule mto mkavu, ikifurika maji yatafika wapi, kwa hiyo hulazi mbuzi humo. Lakini hiyo si kusema mvua itanyesha leo."

"Na tutajuaje kikiamka?" Achuka aliuliza.

"Ardhi itatetemeka mara nyingi. Mtaona nyufa zinazotoa moshi au harufu kali. Mkiona hivyo, msikaribie. Mwambieni chifu mara moja. Majivu yakianguka, funikeni maji ya kunywa na mfunge pua kwa kitambaa. Kwa sasa sijaona dalili hata moja."

"Mbona hukurudi kutuambia haya?" Nakolong alifoka.

Kendi aliinamisha kichwa. "Nilikosea. Niliwaandikia walimu wangu, nikawasahau nyinyi, na ramani ikaishia mikononi mwa dalali."

Ijumaa, chifu aliitisha baraza. Dalali alikuja na karatasi zake. Nakolong alisimama mbele ya watu wote.

"Kama hapa patalipuka, wewe unapanunua kwa nini?"

Dalali alianza kukusanya karatasi zake. Watu walipiga kelele kwa hasira. Chifu alimnyang'anya zile karatasi mbili zenye alama za vidole vya majirani, akazichana hapo hapo.

Kendi alikaa wiki nzima. Alichora ramani upya kwenye ukuta wa shule, akaandika dalili zote kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya chifu.

Siku ya kuondoka, Nakolong alimpa mkono.

"Ukipima kitu kingine hapa," alisema, "sisi ndio tuambiwe kwanza."