Moto wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Harufu ya ugali wa ulezi ilitoka nyumba namba kumi na nne. Nyumba hiyo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Cleophas Masunga.

Cleophas alilinda mji mpya uliojengwa nje ya Sumbawanga, kando ya barabara ya Matai: nyumba sitini za bati jekundu, mwaka wa tatu bila mnunuzi. Aliishi namba moja na mkewe, Emerensiana, na binti yao wa miaka saba, Rozina. Juma lililopita msimamizi alimwagiza aweke mafiga na kuwasha moto katika kila nyumba, ili wageni wauone moshi na kudhani pana wenyeji. Aliwasha, akaondoka. Marehemu mama yake alikuwa amemwonya: anayewasha moto wa kwanza katika nyumba hulala humo, maana moto usio na mwenyewe humwita mwenyewe.

“Baba Rozina, umepata wapangaji,” Emerensiana alimtania. “Hata chumvi hawaombi!”

Kesho yake, mchana kweupe, wakasikia michi ikitwanga ndani ya nyumba hiyo. Emerensiana hakutania tena.

Siku ya tatu Rozina alisukuma sahani. “Nimeshiba. Nimekula kwa mama wa kule.”

Wakamwita Bibi Kalista, mganga wa Matai. Hakuvuka kizingiti cha namba kumi na nne.

“Uliwakaribisha kwa mkono wako, baba,” alinong’ona. “Zima kwa mkono huohuo. Ila mtoto amekula chakula chao. Moto ukizimika naye yupo mbele yake, atazimika nao.”

Emerensiana akajifungia na Rozina namba moja. Cleophas akabeba ndoo, akaingia nyumba moja baada ya nyingine, akimwagia maji majivu ambayo yalipaswa kuwa yamepoa siku nyingi lakini yalichemka na kufoka, na kila alikotoka alisikia nyuma yake watu wakihama kimya, wakiburuta nyayo kuelekea namba kumi na nne, mpaka ikabaki hiyo peke yake, naye akafungua kufuli huku mkewe akipiga yowe kule mbali kwamba mtoto hayupo.

Rozina alikuwa ameketi kando ya mafiga.

“Baba, mbona umeleta maji?”

Aliirudisha ndoo nyuma. Tone moja likaangukia kaa la moto, na midomo ya Rozina ikawa kijivu.

Cleophas akaitupa ndoo nje, akapiga magoti, akaupuliza moto kwa pumzi yake yote, hadi rangi ikarudi midomoni mwa mtoto.

“Mama wa kule anauliza,” Rozina alisema, “kesho utaleta kuni saa ngapi?”