Kizibao cha Dereva wa Deraya

Shemeji yangu Nurudini alikuwa mjinga, na ujinga wake ulikuwa na sauti kubwa. Nasema mapema ili msije mkadhani nilimpenda.

Mwaka 1996 majambazi walikuwa wakiteka magari msituni kati ya Kibondo na Kasulu. Wafanyabiashara wenye akili walisafiri kwa msafara na kumwomba Mungu. Nurudini yeye alikwenda Manyovu, mpakani, akarudi na kizibao cha kijeshi alichopewa na askari mtoro wa Burundi.

"Risasi haiingii!" akawatangazia watu dukani kwake hapa Kasulu, akijipiga kifua.

Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amemtupia dada yangu Shamsia sahani ya ugali, eti mchuzi umepoa. Shamsia, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba. Huyo ndiye shujaa wetu.

Akaniletea kizibao sokoni nikipunguze kiunoni, maana mimi ni fundi cherehani. Kilikuwa kizito, rangi ya majani makavu, na bamba la chuma kifuani na jingine mgongoni. Mifuko ya risasi ilishonwa mbavuni. Nyuma ya shingo palikuwa na mkanda mnene wa kushikia.

"Kata huo mkanda," alisema. "Unanifanya nionekane kama begi."

Nikamwambia begi lina faida, angalau hubeba vitu. Hakuelewa. Akaenda zake, akiagiza nikilete nyumbani jioni kwa kuwa alfajiri anasafiri.

Epifania, mama wa Kirundi aliyeuza mkaa kando ya cherehani yangu, aliacha kupima mkaa.

"Fundi Isihaka, usikate. Hicho ni cha dereva wa magari ya deraya. Gari ikiwaka moto, wenzake wanamushika hapo, wanamutoa kwa mulango wa juu." Akakinusa, akarudi nyuma. "Huyu hawakumutoa. Na kwetu nguo ya mufu haivaliwi mpaka ndugu zake waganduke, yaani wamalize matanga, wagawane vitu vyake. Huyu nani alimulilia?"

"Mama, uza mkaa," nikamwambia.

Nikaukata. Nyuzi zilinuka dizeli. Nikautupa mkanda jalalani, nikaendelea na kazi.

Magharibi nilikitia kizibao kwenye kiroba, nikashika njia ya mkato inayopita migombani. Kufika katikati, kiroba kikawa kizito. Nikabadilisha bega. Kikazidi uzito. Halafu harufu ikaja... dizeli, mpira ulioungua, na nyama iliyosahauliwa motoni.

Ko... ko... ko...

Kitu kilikuwa kinagonga chuma.

Ndani ya kiroba.

Nikageuka. Kijana aliyevaa sare alisimama hatua tatu nyuma yangu. Hakuwa na nyusi.

"Fundi," alinong'ona. "Ule mukanda uko wapi?"

Mimi nina mdomo kuliko akili. "Jalalani. Kautafute."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Si neno," akasema. "Utanivuta na mikono."

Nikapepesa macho. Ilibaki migomba tu.

Mtu mwenye akili angekitupa kiroba palepale. Sikukitupa. Nilitetemeka mwili mzima, lakini nilitaka kumwona Nurudini naye akitetemeka. Nikakimbia nacho mpaka kwake.

Alikivaa kabla sijaketi. Akavuta zipu hadi kidevuni, akafunga vifungo vyote, akamwita mkewe. "Shamsia, nipige ngumi hapa uone!"

Halafu akanyamaza. Nurudini kunyamaza ilikuwa ajabu ya kwanza.

"Joto..." alisema.

"Vua."

Zipu haikushuka. Vifungo havikufunguka. Uso ukamvimba, jasho likamchuruzika, mikono ikaanza kupapasa juu ya kichwa chake, akisukuma hewa kama mtu aliyefunikwa na mfuniko. Na chini ya lile bamba nikasikia tena.

Ko... ko... ko...

"Shemeji," Nurudini akakoroma. "Nivute..."

"Kaka, mtoe!" Shamsia akalia. "Mwanangu asizaliwe hana baba!"

Nikapeleka mkono nyuma ya shingo yake nipate pa kushika. Niligusa nyuzi nilizozikata mwenyewe. Nikachomoa mkasi, nikakata mabega ya kizibao, nikamtia mikono makwapani. Viganja viliniungua. Nikavuta. Alikuwa mzito kupita mtu mmoja, na mara mbili nilihisi kitu ndani kikimng'ang'ania. Nikaegemeza mguu kwenye bamba, nikavuta mara ya tatu.

Akachomoka. Tukaanguka wote mkekani.

Alikuwa anapumua. Akafumbua macho, akaitazama taa, akamtazama Shamsia kwa muda mrefu. Nurudini ninayemjua angeuliza nani kamharibia kizibao. Huyu hakuwa na nyusi. Akanishukuru kwa kunong'ona, "Urakoze cane, fundi."

Nurudini, mwenye kujivunia kwao Ujiji, hakuwahi kukubali kujifunza hata salamu ya Kiha cha wenyeji, sembuse Kirundi.

Kisha akamgeukia dada yangu, akanyoosha mikono yote miwili. "Mama, naomba maji. Hata kidogo tu."

Daktari alisema ni joto, ubongo umetikisika, atarudi kawaida. Hakurudi. Hakupanda tena gari. Alimenya mihogo na mkewe, na mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyeamka kumbembeleza. Nyama ya kuchoma ilimtapisha. Mjini wakasema maradhi yamemtia adabu. Wajinga hupenda maelezo mafupi.

Mtoto alipofikisha miezi mitano, Shamsia aliniita magharibi. Akaniongoza mpaka stoo, alikokificha kizibao chini ya magunia ya maharage.

"Sikiliza," alininong'oneza.

Ko... ko... ko...

Halafu sauti. Niliijua, ingawa safari hii haikuwa na majivuno hata chembe.

"Shemeji... ni mimi. Nivute..."

Uani, yule mwingine alikuwa anamwimbia mtoto kwa Kirundi, na mtoto anacheka.

Shamsia alinishika mkono. "Kaka, mtoto ameshamzoea huyu."

Nilimdharau Nurudini miaka yote hiyo, na sikujua dharau yangu inafika umbali gani mpaka jioni ile. Nikabeba gunia jingine la maharage, nikaliweka juu ya yale mengine, nikafunga mlango.