Kebo Iliyochomwa Galbet

Gari lilikuwa limezimwa uani na ufunguo uko mfukoni mwa Adow, lakini mshale wa spidomita ulikuwa ukitetemeka kwenye arobaini. Nyuma ya dashibodi kitu kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba.

Kwa gari hilo Adow alikuwa akibeba maziwa ya wafugaji kutoka Kotile hadi sokoni Garissa. Hakuwa mwoga. Alilipeleka gari kwa fundi Kadar, hapo hapo mtaani Galbet.

"Kebo ya spidomita imechakaa, walaal, ndugu yangu," Kadar alisema. "Nitaitoa, nikuwekee spidomita ya umeme. Sensa kwenye giaboksi, waya kidogo, basi."

Kebo ilitoka ikiwa ya moto, inanuka nywele zilizoungua. Kadar aliitupa kwenye moto wa takataka za gereji. Spidomita mpya ilifanya kazi vizuri.

Adow aliporudi kutoka Kotile alasiri, alimkuta mkewe Safiyo amelala mchangani uani, nyayo zake zinavuja damu. Jirani yao Nurto alikuwa amempakata.

"Alikuwa anakimbia, anazunguka ua," Nurto alinong'ona. "Nilimshika, akaniburuta. Uliposimamisha gari hapo nje, akaanguka."

Adow hakutaka kuamini. Aliwasha gari, akalisogeza polepole. Nyuma ya ukuta alisikia miguu ya Safiyo inaanza kutembea. Akazima gari, na miguu ikanyamaza.

Sheikh Salat aliitwa. Alisoma sikioni mwa Safiyo mpaka sauti ikamkauka, ndipo kitu kikajibu kutoka kifuani mwa mwanamke, midomo yake ikiwa imefungwa.

"Nilikuwa na nyumba. Mmeichoma."

"Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Nitoke niende wapi?"

Sheikh alifunga msahafu. Mlangoni alimwambia Adow bila kumtazama, "Nimewatoa wengi. Huyu hakatai kutoka. Hana pa kwenda."

Adow na Kadar walichakura majivu kwa mikono, wasipate kitu; wakafunga kebo nyingine, ikakaa kimya kama chuma chochote; na mwisho Adow akang'oa betri, akang'oa magurudumu, akaliweka gari juu ya mawe, akiamini kwamba gari lisilotembea halitamkimbiza mtu, lakini asubuhi iliyofuata miguu ya Safiyo ilianza yenyewe, kwa kasi ambayo gari lile halijawahi kuifikia, mpaka Adow na Nurto wakamfunga kitandani kwa shuka, na chini ya shuka miguu ikaendelea, siku baada ya siku, huku mwili ukizidi kukonda.

Siku moja Safiyo alifumbua macho. Adow alimpangusa jasho.

"Adow," alisema polepole, "tunaenda wapi?"

"Nyumbani, Safiyo. Tuko nyumbani."

Aligeuza uso dirishani, akatazama kama mtu anayetazama njia.

"Nyumbani tulishapapita," alisema. "Nilikuona umesimama mlangoni."