Saa Iliyofungwa Uzi

Kilichoanza ni harufu. Nahumu alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya gari la Bwana wa mashamba ya miti ya miwati. Alikwisha kulegeza skrubu zilizoishika saa, akachomoa na waya wa taa yake ndogo, na saa ilipomdondokea kiganjani, pua yake ikajaa marashi. Haikuwa sabuni wala petroli. Ilikuwa harufu tamu, nzito, na Makambako hakuna ua linalonukia hivyo, tena mwezi wa saba, ukungu unapolala juu ya nyasi mpaka jua la adhuhuri.

"Bwana Mwinyimvua," aliita kutoka mle chini, "mzungu wako hupakia wanawake humu?"

"Kwa uso ule?" akajibu dereva. "Hata mbuzi hapandi."

Mwinyimvua alikuwa mtu wa Pangani. Kazi ilimleta Njombe, na baridi ya Njombe ilimvalisha makoti mawili.

"Sasa saa ya nini, na ya mkononi anayo?"

"Muulize wewe. Mimi nina watoto." Dereva akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ila gari hili Bwana amelinunua kwetu pwani. Kule watu walikuwa hawaigusi saa hiyo."

"Kwa nini?"

"Maneno ya watu tu. Wewe itengeneze, nitaifuata wiki ijayo."

Akawasha gari akarudi Njombe, dashibodi ikiwa na tundu jeusi kama jicho lililong'olewa.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, na Nahumu alikuwa fundi wa gereji ya njia panda. Mkewe, Telesia, alikuwa amefariki mwezi wa nne, juu ya machela, njiani kupelekwa hospitali ya Njombe baada ya kujifungua. Mtoto alipona. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, watu walisema, naye Nahumu aliitikia amina kwa sababu aliamini, ingawa kuamini hakumzuii mtu kulia. Mtoto alibatizwa Kristina. Ndiye peke yake ambaye mauti yalimwachia Nahumu, na kila jioni alipopiga magoti ombi lake lilikuwa moja: huyu abaki.

Aliyemlea mtoto ni Getruda, mama yake Telesia, aliyetoka Mawengi kwa ajili hiyo. Alichemsha maziwa ya ng'ombe akamnywesha mjukuu kwa kijiko. Bibi na mjukuu walilala jikoni, kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba kubwa, penye moto. Nahumu hakuingia humo. Mkwe wa kiume haingii anapolala mama mkwe. Hata salamu walipeana ukuta ukiwa katikati, na mtoto alipokelewa mlangoni, macho yakiangalia chini.

Kazi ya saa haipendi vumbi, kwa hiyo Nahumu aliichukua nyumbani akaifungua mezani, mbele ya dirisha. Kamani, ile springi inayoiendesha saa, ilikuwa nzima. Meno ya magurudumu hayakuwa na kasoro. Kilichoizuia kutembea ni uzi mweusi, umezungushwa kwenye gurudumu dogo, fundo juu ya fundo, kwa mkono wa mtu mwenye subira.

"Hee!" akajisemea. "Fundi gani huyu, ameshona saa kama suruali?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaukata uzi kwa wembe, akauvuta kwa kibano, akautupa kwenye jiko la makaa kando yake. Saa ikaanza kutembea kabla hajaitia ufunguo.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, Nahumu alikuwa uani ananawa grisi. Kutoka jikoni akasikia mtu anambembeleza mtoto kwa wimbo wa kanisani, kwa Kibena, sauti ikipasuka kidogo kila ilipopanda juu. Telesia alikuwa akiimba hivyo hivyo. Nahumu akasimama, maji yakimchuruzika mikononi. Akajiambia kwamba sauti ya mama na ya binti ni za chungu kimoja.

"Mama," akasema kwa heshima, akiuelekea ukuta, "leo mmeimba vizuri."

"Nani aimbe, baba?" akajibiwa kutoka nyuma yake. Getruda alikuwa anapanda kutoka kisimani, mtungi kichwani. "Mtoto nimemwacha amelala."

Jikoni wimbo ukakatika. Mtoto akacheka, kicheko cha mtoto anayetekenywa.

Getruda akautua mtungi polepole. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu.

"Ni yeye," akanong'ona. "Alikufa hajamshika mwanawe. Amekuja kumwona."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Mimi ni mtu wa kanisa, na ni mama. Wewe nyamaza tu, baba. Kunyamaza kutakushinda?"

Hakukumshinda. Getruda alimimina togwa kwenye kibuyu, akakiweka kizingitini kama bibi zake walivyowawekea wafu wao zamani, kabla ya wamisionari. Akainama, akasalimu kwa Kibena. "Kamwene, Telesia. Karibu. Mtoto wako huyu hapa." Na Nahumu, aliyejua vema kwamba imempasa kukimwaga kibuyu kile, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu, mke wangu."

"Kamwene," ikaitika sauti ndani, kwa upole. Harufu ya marashi ikatoka pamoja na moshi.

Wakaishi hivyo siku chache, na Mungu awasamehe, zilikuwa siku za furaha. Jioni Nahumu aliegemea ukuta wa jikoni akasimulia mambo ya gereji, na sauti ile ikamchekea kutoka ndani. Kisha Kristina akakataa maziwa.

Mara ya kwanza walidhani yameungua. Getruda akachemsha mengine, akayapoza, akampa kwa kijiko, mtoto akageuza uso, wala hakulia, na hilo ndilo lililomtisha bibi, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hulia, na huyu alitazama tu juu, pembeni kidogo ya kichwa cha bibi yake, akitabasamu, midomo ikinukia marashi, mwili ukizidi kuwa mwepesi na baridi hata akilazwa karibu na moto, mpaka Getruda alipomshika kwa nguvu ili amfungue kinywa, na sauti ya binti yake ikamwambia sikioni, karibu kabisa, bila pumzi yoyote, "Usimlazimishe, mama. Nimekwisha kumnyonyesha."

Getruda akatoka nje mbio, mikono mitupu. "Baba! Ingia! Ingia umtoe!"

"Mama, mimi siwezi kuingia hapo mnapolala."

"Heshima gani tena? Ingia!"

Nahumu akainama akaingia mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, na kwanza hakuona kitu, maana moshi ulikuwa mwingi na mwanga wa mlango ulikuwa unakufa, lakini macho yalipozoea akamwona Kristina juu ya mkeka, na si juu ya mkeka hasa, bali shubiri moja kutoka mkekani, kichwa kikiwa juu kuliko miguu, kama mtoto anayepakatwa, na chini yake hapakuwa na mapaja, na shavuni pake hapakuwa na titi, ila midomo yake ilinyonya na koo lake lilimeza, na moshi uliotoka kwenye mafiga ulipofika pale haukupita, uligawanyika, ukazunguka pembeni na kuungana tena juu, ukichora mabega, ukichora shingo ndefu iliyoinama, ukichora kichwa ambacho polepole kiliinuka na kumgeukia yeye.

"Baba Yetu uliye mbinguni," Nahumu akasema, na mengine yakampotea. Akamnyakua mtoto. Alimvuta kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinamshika.

Walikesha kwa jirani. Asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, Mwinyimvua akaja kuifuata saa, nao wakatoka kwa jirani kumpokea, mtoto wakamwacha huko. Alipofika uani akasimama ghafla, akavuta hewa puani, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mmefanya nini hapa?"

Nahumu akamweleza yote: uzi, wimbo, togwa. Aliposikia habari za togwa dereva akajishika kichwa.

"Ndugu yangu, saa ile haikuharibika. Ilifungwa. Gari lilikuwa la mzee mmoja wa kwetu, na mkewe alisumbuliwa na jini jike, anayetafuta mtoto wa kunyonyesha. Mwalimu wa Kurani akamfunga mle. Nilisikia, nikadhani ni hadithi za kina mama. Nisamehe."

"Sisi tulijua ni mzimu," Getruda akasema. "Tulijua ni mwanangu."

"Ninyi wa huku mnajua mizimu, mama. Mzimu ukipewa chakula hushiba, ukarudi ulikotoka. Jini ukimkaribisha, amepata nyumba. Na jina mlilompa amelivaa."

"Anatolewaje?" Nahumu akauliza.

"Kwa jina hilo hilo. Mtu aliyemkaribisha alete saa mlangoni, amwite, na jini akiingia humo amfunge. Uzi ninao. Lakini nakuonya: atakuita, na sauti itakuwa ile unayoijua."

Getruda alirudi kwa jirani kukaa na mtoto. Nahumu akapiga magoti kizingitini pa jikoni, saa wazi mbele yake, kibano mkononi. Mwinyimvua akaanza kusoma aya zake kwa sauti ya chini. Nahumu akaomba kwa maneno ya kwao. Kisha akaita, kwa jina ambalo alikuwa amelipenda kuliko jina lolote la mwanadamu.

"Telesia. Njoo."

Marashi yakatoka jikoni, yakaizunguka saa. Akauzungusha uzi mara ya kwanza.

"Njoo, mke wangu."

"Nahumu," ikasema sauti, na sasa ilitoka ndani ya saa, ndogo, yenye baridi, kama mtu aliye chini ya udongo. "Pale machela ilipowekwa chini, ulinishika mkono. Mbona sasa unanifunga?"

Akapiga fundo.

"Utanizika mara mbili?"

Machozi yalimziba macho, akafanya kazi kwa kupapasa, kama fundi anavyopapasa nati asiyoiona, fundo juu ya fundo, na Mwinyimvua akapaza sauti ya kusoma, na sauti ile ikalia kama Telesia alivyolia usiku ule wa uchungu, ikamwomba maji, ikamwomba blanketi, na Nahumu hakuinua mkono wake kutoka kazini. Kabla hajaikaza ncha ya mwisho, saa ikasimama yenyewe.

Mwinyimvua akafuta jasho, katika baridi ile. "Amekubali upesi," akasema.

"Si vizuri?"

Dereva akaitia saa mfukoni mwa koti la juu. "Bwana nitamwambia imekushinda. Ila jina lile lisitajwe tena karibu na mtoto. Atakayelitaja, anamwita."

"Hata katika sala?"

"Sala zenu sizijui, ndugu yangu. Mimi nakuambia karibu na mtoto."

Jioni ile Kristina akanywa maziwa, akalia akitaka mengine, na Getruda akalia naye. Marashi yalikwisha. Mtoto akanenepa. Nahumu akayaweka mavazi ya mkewe ndani ya sanduku, na nyumba nzima ikajifunza kusema "marehemu".

Ikaja Jumapili ya kuwakumbuka waliolala katika Bwana. Nahumu alikwenda mapema kwa mzee wa kanisa, Efraimu, akamwomba jina la mkewe lisisomwe. Efraimu alimtazama kwa huzuni, akakubali. Wanawake wakasikia.

"Hata mwaka haujaisha," mmoja akanong'ona kwenye benchi la nyuma. "Ameshapata mwingine huyo."

Nahumu alisikia, akavumilia. Majina yakasomwa, moja moja, na kwa kila jina kengele ikapigwa. Yakaisha. Yeye akashusha pumzi.

Lakini siku hiyo alikuwapo mchungaji mgeni kutoka Njombe, ndiye aliyemzika mkewe, mtu mwema. Aliona kwamba jina moja limeachwa, akadhani limesahauliwa. Akainuka, akamtazama Nahumu kwa upendo.

"Na dada yetu Telesia," akasema.

Kengele ikapigwa. Kristina alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, mtoto ambaye hajaota hata jino, ambaye hajatamka neno tangu azaliwe. Bila kufumbua macho akaitika, kwa sauti ya mwanamke mzima:

"Abee."