Arobaini ya Nusrat Tuliyoila Hotelini

Wallahi billahi, nikiongeza hata neno moja la uongo, ulimi huu ukatike uangukie hapa miguuni pangu! Mimi Bushiri si mtu wa kutishika. Masukulu nzima inajua nilibeba magunia matatu ya viazi kwa mpigo, tena kwenye utelezi, tena kupanda mlima. Lakini lile la mwaka tisini na nne, lile niliogopa.

Mdogo wangu Kheri alikuwa ametajirika. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabelo ya mitumba yanaingia kama mvua, yeye kanunua na pikapu. Mkewe Arafa mimba nne ziliharibika. Ya tano ndiyo akampata Nusrat. Ilipofika arobaini, Kheri akataka apike nyumbani. Kwetu huku mtoto akitolewa nje, kila jirani lazima ale. Asipokula atanung'unika, na pumzi ya watu walionung'unika ni baridi, inamfuata mtoto mpaka imkute.

Mimi nikamcheka. "Acha ushamba, bwana! Twende Tukuyu, kwenye ile hoteli mpya ya wakubwa."

Nilitaka kula kwa uma, basi.

Tunatoka, tukamkuta bibi Ikupa kasimama njiani. Migomba yake imepakana na yetu.

"Mugonile," akatusalimu Kinyakyusa. "Mnakwenda kula wapi, baba?"

"Hotelini, bibi," nikajibu.

"Haya. Mle vizuri."

Akapuliza vidole vyake, taratibu, kama anapoza chai. Nyuma yake majirani wote wamesimama kwenye migomba. Kimya. Midomo tu inacheza.

Hoteli, acha kabisa! Bustani, vitambaa vyeupe, Mlima Rungwe umekaa mbele yako kama umeuagiza. Nilimaliza kuku watatu peke yangu, mpishi akatoka jikoni kuja kuniangalia. Saa nane hiyo, jua kali, tumejinyoosha kwenye viti kama mawaziri.

Mara pilau ikaacha kutoa moshi. Sahani zote, kwa pamoja.

Nikafungua mdomo niseme, moshi ukatoka mdomoni mwangu. Meza ya pili watu wanajipepea. Mimi nimelala Kitulo bila blanketi, lakini baridi ile, hapana.

"Shemeji," Arafa akanong'ona. "Hebu mshike mtoto."

Nikamshika. Barafu. Midomo imekuwa ya zambarau. Halii.

Mhudumu mmoja mtu mzima, Andrea, alikuwa anakuja kutoa vyombo. Akasimama mbali. Meza hakuigusa.

"Nyumbani wamekula?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Majirani."

Kheri akanitazama. Mimi nikatazama uma.

"Rudini. Sasa hivi. Chakula chote mbebe."

Pikapu haikukanyaga chini. Njia nzima Arafa anampulizia mtoto usoni. Pumzi yake ya moto. Mtoto akazidi kupoa.

Tukafika. Uani majani ya migomba yametandikwa kwa mstari. Majirani wamekaa. Mikono inadondosha maji, wameshanawa.

Hatukumwambia mtu kwamba tunarudi.

"Mmechelewa," bibi Ikupa akasema. "Kimepoa."

Nilipakua mimi mwenyewe. Wakala. Kila aliyemaliza akainuka, akamgusa mtoto, akaenda zake. Wa kwanza, mkono ukapata joto. Wa pili, shingo. Wa tatu, tumbo. Bibi Ikupa alipomgusa mdomo, Nusrat akapiga chafya. Akalia. Arafa akaanguka chini.

Jani moja likabaki na chakula chake. La jirani yetu Ackson. Alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Suma. Tukamsubiri. Hakurudi tena, alifia hukohuko, hajala kwetu.

Nusrat sasa ni mwali, mzuri mpaka watu wanapotea njia. Ila mguu wa kushoto, ule uliokuwa uguswe na Ackson, haujapata joto mpaka leo. Uguse mchana wa jua, vidole vyako vinakufa ganzi. Na kuna siku tunafungua mlango tunakuta jani bichi la mgomba limetandikwa kizingitini. Tupu. Pembeni matone ya maji, kama ya mtu aliyetoka kunawa.

Posa imeshaletwa, watu wa Kisondela. Habari ya mguu hawaijui. Ndugu yangu, nakuomba, haya yaishie hapahapa. Hata mkeo usimwambie.