Mwiko wa Kinyozi

Eh, ule mwiko uliotundikwa kando ya kioo cha kinyozi? Ndiyo, zamani ulikuwa wa kupikia, hata alama ya kuungua bado iko kwenye mshikio. Umefikaje kule? Tulieni niwaeleze, na wewe wa nyuma acha kumvuta mwenzio nywele.

Yule kinyozi mzee alikuwa na mjukuu wa kike, darasa la sita, meno ya mbele yamepeana nafasi, basi wote wakamwita Mwanya. Kila akitoka shule alipitia kibandani kwa babu yake, akafagia nywele sakafuni, akachemsha maji ya kunyolea. Babu alinyoa kwa wembe wa kukunja, ule mrefu wenye mpini. Kabla hajamgusa mtu kidevu, aliunoa kwa kuupitisha juu ya ubao uliobandikwa ngozi. Pa, pa, kwenda na kurudi, taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto.

Ubao wenyewe ulikuwa mpana na una mshikio, ndiyo maana babu aliuita mwiko.

"Lakini kwa nini mwiko, babu?"

"Kwanza una umbo la mwiko. Pili, kuugusa ni mwiko." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Siku moja babu alitoka kwenda kununua sabuni. Mwanya akabaki na wembe, na ubao, na vidole vinavyowasha. Si mnavijua vidole hivyo? Akaukunjua wembe. Sasa, yeye alichozoea kuona ni bibi akinoa kisu kwenye jiwe, makali mbele. Naye akasukuma makali mbele. Kumbe kwenye ngozi ni kinyume, mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma kama mkia. Wembe ukauma ngozi, ukaipasua kutoka katikati mpaka pembeni.

Akauzamisha ubao ndani ya gunia la nywele za kutupwa, na babu aliporudi na kuuliza mwiko uko wapi, ulimi ukamtangulia.

"Ulikuwa umechakaa, babu. Nimeutupa. Nataka nikutengenezee mpya, iwe zawadi."

Mzee akamtazama, macho yakamlowa. "Mimi nimezaa mtu aliyezaa mtu," akasema.

Jioni ile Mwanya akaunyakua mwiko bapa wa bibi jikoni. Akakata ngozi ya mkoba mkuukuu, akaibandika kwa gundi ya viatu, akauanika uani. Upepo unavuma, watoto wa jirani wanakimbizana, vumbi linatua juu ya ngozi. Badala ya kupangusa, akaipaka mafuta ing'ae. Haraka haraka hiyo, mnajua wenyewe haina nini.

Kesho yake, Jumamosi, babu aliupokea kwa mikono miwili. Kila aliyeingia alionyeshwa. "Kazi ya mjukuu wangu hii." Kila sifa ilimwingia Mwanya kama mwiba chini ya kucha.

Fundi cherehani, mteja wa siku zote, akakaa kitini. Babu akapitisha wembe kwenye mwiko mpya, akaanza kazi.

"Mzee," fundi akasema, "leo unaninyoa au unaninyonyoa?"

Babu akaomba radhi, akaupitisha wembe tena kwenye ngozi, mara nyingi zaidi. Ukazidi kuvuta. Tone la damu likatokea chini ya sikio la fundi. Babu akaganda. Akauinua mkono wake kwenye mwanga, akautazama mbele na nyuma.

"Si wembe," akasema. "Ni mkono. Umezeeka. Sitasubiri nimkate mtu shingo."

Akafunga kibanda, akatia vifaa vyote kwenye mfuko. Mwanya angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alibeba beseni, akamfuata nyuma.

Nyumbani bibi alikuwa anahangaika jikoni. "Mwiko wangu umeota miguu? Mke mwenzangu, hujauona?"

Mwanya akatikisa kichwa. Bibi akakorogea kijiko cha chai, akaungua vidole.

Chakula kikatengwa. Babu hakunawa. Alikaa ukutani akiukunja mkono na kuukunjua, kama anayeagana nao. Bibi naye hali, maana mumewe hali. Mvuke ukaisha juu ya sinia.

"Babu," Mwanya akasema, "si mkono wako."

"Nini?"

"Nilishika wembe nikapasua mwiko wako. Haikuwa zawadi, nilikuwa naficha. Na huu mpya ni mwiko wa bibi."

Bibi akavitazama vidole vyake. "Kumbe mimi naungua, mwiko wangu umekwenda kunyoa watu."

Babu hakucheka. Akautoa ule mwiko mfukoni, akapitisha dole gumba juu ya ngozi. "Leta kidole chako. Unasikia nini?"

"Mchanga."

"Ndio uliokuwa unatafuna makali. Na mimi nikaulaumu mkono wangu." "Ngozi kupasuka si kitu. Ila uliniacha nijione sifai, mjukuu wangu, na wewe unajua."

Mwanya akalia. Babu akamwacha alie, kisha akavua mkanda wake wa zamani. "Haya, tufanye kazi. Mimi naishikilia suruali kwa imani."

Bibi akasema hapikii gundi, wauchukue tu huo mwiko, ila Mwanya atamchongea mwingine. Basi wakabandua ile ngozi mbovu, wakapiga ubao msasa, wakaupangusa, wakaupangusa tena, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Wakabandika ngozi ya mkanda, wakaugandamiza chini ya jiwe.

"Kosa ni kama ile chembe ya mchanga," babu akasema. "Ukiipangusa mapema, inaondoka. Ukiipaka mafuta juu, inaganda, na anayetoka damu ni mtu mwingine. Jumatatu utamweleza fundi mwenyewe."

"Ndiyo, babu."

"Mawaidha hayashibishi," bibi akasema, akirudisha sinia lililopashwa moto. Mwanya akammiminia babu maji ya kunawa. Mkono wa mzee ulikaa chini ya maji, umetulia, hautetemeki hata kidogo. Kisha wote watatu wakakaa, wakala.